Rivyu ya wodi ya mifupa: mtoto, kijana na bibi yetu, hospitali moja, hatari tatu tofauti

Wadau habari zenu. Hii ni rivyu ya wodi ya mifupa ya hospitali moja ya kanisa hapa Dar, jina naliacha maana nna sifa za kuwapa ila nna malalamiko pia, na sitaki sista aliyekesha na bibi yetu aje aitwe ofisini kwa ajili yangu. Kama mnataka nyota, kwa mtoto nawapa 5, kwa kijana nawapa 4, kwa mzee nawapa 3 na hizo 3 karibu zote ni za watu wa fiziotherapia (wale wa mazoezi ya viungo). Nimezigawa hivyo makusudi kwa sababu familia yetu imeshapeleka pale watu watatu wa umri tofauti, wote wamevunjika, na kuvunjika kwa mtoto wa miaka 7 na kuvunjika kwa bibi wa miaka 80 na ushee sio ugonjwa mmoja kabisa, mmoja unamkosesha shule wiki kadhaa mwingine unaweza kumuondoa duniani kabla mwaka haujaisha, sasa hospitali inayowapeleka wote kwa mwendo ule ule ina shida hata kama vigae vinang'aa na mapokezi kuna kiyoyozi.

Mtoto sina maneno mengi. Mtoto wa dada alidondoka kwenye mwembe akavunjika mkono juu kidogo ya kiwiko. Umri ule mtu hafi kwa mkono kuvunjika, mifupa ya watoto inaunga haraka mno na hata ikiunga imepinda kidogo mara nyingi inajinyoosha yenyewe wanavyokua. Hatari ya pale kwenye kiwiko ni damu kutofika vidoleni, na hapo ndo nilipompenda yule sista wa usiku, kila baada ya mda anakuja na tochi anabonyeza ukucha wa mtoto unakuwa mweupe, anaachia, anaangalia wekundu unarudi upesi au unachelewa, halafu anamwambia "haya baba, nichezeshee vidole nione". Mara moja mtoto alilia sana akinyooshewa vidole, sista hakusema anadeka, alilegeza bandeji yote pale pale kisha ndo akampigia dokta simu. Nimewahi kumuona mtoto aliyefungwa magango na muunga mifupa kijijini kwa nguvu mpaka nyama za mkono zikafa, vidole vimejikunja hadi leo havifunguki, ndo maana nyota zote 5 nawapa bila kusita. Walimchoma pini, zikatolewa baada ya wiki kama nne, sasa hivi yuko tena juu ya mwembe.

Kijana ni binamu yangu, dereva boda, gari lilimchota barabara ya Mandela usiku. Paja limevunjika, unaliona kabisa limejikunja pasipo na goti. Hapa kitu nilichokipenda ni kwamba hawakukimbilia mguu, kwanza walimsikiliza kifua, wakamminya tumbo, wakamuuliza jina na siku ya leo, wakamtundikia dripu mikono yote miwili na kuchukua damu ya kupima grupu, sisi ndugu tunapiga kelele mguu mguu wao wanaendelea na yao. Na walikuwa sahihi, kijana wa ajali anayekufa anakufa kwa kuvuja damu ndani au kwa kichwa. Paja moja tu likivunjika linaweza kuficha damu lita moja mpaka moja na nusu ndani ya nyama bila tone kutoka nje, mifupa ya kiuno (fupanyonga) ikipasuka ndo zaidi. Akishavuka hapo kuna siku mbili tatu za kuangalia pumzi na akili, kwa sababu mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu yakafika mapafuni, mtu anaanza kuhema haraka haraka na kuchanganyikiwa. Dokta alituambia tukimuona anaongea visivyoeleweka tusisubiri raundi ya asubuhi. Haikutokea, ila tulijua cha kuangalia, na hiyo peke yake ni huduma.

Waliweka chuma cha ndani ya mfupa, zile za SIGN, ni shirika la Richland kule Washington Marekani lilianza 1999, wanatengeneza vyuma ambavyo dokta anaweza kuviweka bila ile mashine kubwa ya kupiga eksirei mgonjwa akiwa juu ya meza ya operesheni, maana hospitali nyingi za kwetu hazina. Zamani kijana kama huyu alikuwa analazwa mguu umening'inizwa na mzigo wiki sita na kuendelea, boda imeuzwa, mke karudi kwao. Huyu baada ya siku chache yupo kwenye magongo. Nyota niliyowakata ni ya famasi: alikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha pale mfupa ulipotoboa ngozi, mfupa ukishaona hewa antibaiotiki inatakiwa iingie mapema iwezekanavyo, saa ya kwanza ikiwezekana, famasi ikasema kwanza risiti ya malipo. Nimekimbia dirishani, mtandao wa malipo umelala, nikazunguka kutafuta wakala wa kutoa hela taslim saa saba usiku. Kidonda kilipona salama lakini huo utaratibu ubadilishwe, wampe sindano kisha wanidai, sikimbii na ndugu yangu yuko kitandani kwao.

Sasa bibi. Bibi mzaa mama, alikuwa anaenda msalani alfajiri akajikwaa kwenye kizingiti, hajagongwa na kitu, hajaanguka kutoka juu, kaanguka kwa kimo chake mwenyewe tu. Tulivyomkuta mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umelala nje, umeangalia ukutani. Mkiona hivyo kwa mzee jamani hiyo ni nyonga, yaani mfupa wa paja umevunjika juu kabisa pale unapoungana na kiuno, msimsimamishe kumjaribu, msimkande na maji ya moto, tafuteni gari mumlaze.

Na hapa ndo nataka mnisikilize. Kwenye wazee 100 waliovunjika nyonga, 20 mpaka 30 hivi hawamalizi mwaka. Miezi mitatu ya kwanza ndo mibaya kuliko yote, hatari ya kufa inapanda mara 5 mpaka 8 ukilinganisha na wazee wenzao ambao hawajavunjika, na wanaume wanakufa zaidi ya wanawake, hilo limeonekana nchi nyingi. Kule Australia kuna mji unaitwa Dubbo, tangu 1989 wanawafuatilia wakazi wao wa miaka 60 na kuendelea, wakaona aliyevunjika nyonga hatari yake inabaki juu mpaka miaka 10, mifupa mingine kama uti wa mgongo miaka 5. Na kilichonigusa zaidi ni jinsi umri unavyobadilisha mambo: mfupa mdogo, tuseme wa kifundo cha mkono, kwa mwenye miaka sitini na kitu haukuongeza hatari ya kufa, ila ukivuka 75 hata huo mdogo ukaanza kuhesabika. Yaani bibi akivunjika kifundo cha mkono tusiseme ni mkono tu, mwili unatoa taarifa.

Mzee haumwi mfupa tu. Akilala chali siku nne tano kifua kinajaa nimonia inaingia, damu inaganda kwenye mguu bonge linapanda mapafuni, makalio yanachubuka vidonda vinaoza, mkojo unapata maambukizi kwa sababu ya ule mpira wa kutolea mkojo, hali chakula kwa sababu ya maumivu misuli inayeyuka, moyo uliokuwa unajikongoja unazidiwa. Ndo vinavyoua. Kwa hiyo mzee wa nyonga ni emajensi, na swali la kwanza la kuipima hospitali ni anapasuliwa lini na anakalishwa lini.

Hapo ndo walipopoteza nyota. Tulifika Ijumaa. Eksirei ilipigwa haraka, dawa ya maumivu walimchoma pale pale mapokezi tena wakamchoma ile ya ganzi kwenye kinena inayopunguza maumivu ya nyonga, nilishukuru sana kwa sababu bibi alikuwa analia kimya kimya machozi yanashuka tu. Halafu wakatuambia tiyata wikiendi ni ya emajensi tu, bibi atapangwa wiki inayofuata, "mzee wenu yuko stebo." Ni stebo, hali imetulia, sawa, lakini kila siku anayolala anapungua. Kule Uingereza walianza daftari la taifa la nyonga 2007, kila mzee anaandikwa kaingia saa ngapi kapasuliwa saa ngapi, na mwaka 2010 serikali ikaanza kuzilipa hospitali zaidi zikimpasua ndani ya saa 36 na daktari wa wazee akimuona mapema. Waliokuwa wanakufa ndani ya siku 30 kule England walikuwa karibu 11 kwa kila 100 mwaka 2007, kufika 2011 wakashuka mpaka 8 na nusu. Wagonjwa ni wale wale na mifupa ile ile, kilichobadilika ni ratiba.

Nisiwe mkali kupita kiasi, kuna utafiti mkubwa ulitoka 2020, nchi 17, wagonjwa 2,970, wakalinganisha kupasuliwa ndani ya saa 6 hivi na kupasuliwa ndani ya saa 24 hivi, waliokufa ndani ya siku 90 hawakutofautiana sana, 9 kwa 100 na 10 kwa 100. Ila waliowahi walichanganyikiwa wachache, maambukizi ya mkojo yalikuwa machache na walisimama mapema. Kwa hiyo simdai mtu saa 6. Nadai asivushwe wikiendi nzima kwa sababu tu ni mzee na hapigi kelele kama wale wa ajali.

Tulibishana kwa adabu, mama mkubwa akaomba kuonana na dokta mkuu wa zamu, yule dokta kijana tu, akasikiliza, akasema "mama, nipe mpaka kesho jioni," akawapigia watu wa usingizi mbele yetu. Jumapili bibi akaingia. Huyo dokta namuombea kila la heri. Ila kabla ya hapo bibi alikuwa ameshafungishwa kula tangu usiku wa Jumamosi mpaka Jumapili mchana, listi ikasukumwa mara mbili, midomo imepasuka, hata maji hawampi, wakati maji matupu mgonjwa anaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Kwa mzee huko kukaa kavu ndo kunamvuruga kichwa.

Ndugu wengine walikuwa hawataki kabisa apasuliwe. Mjomba anasema ameshazeeka msimtese, nusu kaputi itamuua, muacheni apumzike. Nawaelewa, wote tunampenda. Lakini kupumzika huko ni kulala chali wiki nyingi, na wazee wasiopasuliwa wanakufa zaidi tena kwa maumivu, kila ukimgeuza kumbadilisha pampasi anapiga ukunga. Kuhusu nusu kaputi dokta wa usingizi alikaa na mjomba akamuelewesha kuna ya kulala kabisa na kuna sindano ya mgongoni, na utafiti wa Marekani na Canada wa wazee kama 1,600 uliotoka 2021 haukuona mojawapo inaua zaidi au inachelewesha kutembea, kwa hiyo wataangalia moyo na mapafu ya bibi waamue. Mjomba akasaini yeye mwenyewe. Wakamtoa kichwa cha mfupa wa paja wakamuwekea cha chuma, chini ya saa mbili yuko nje.

Usiku ule bibi akaanza kuongea na dada yake ambaye tulimzika zamani sana, anamwambia alete ndoo kisima kinakauka, anataka kushuka kitandani, anavuta dripu. Shangazi akaanza kusema ni mambo ya kwetu, tumpeleke kwa mtu. Sista (yule yule wa tochi!) akatuambia kwa upole hiyo inawapata wazee wengi baada ya kuvunjika na operesheni, ni ubongo umechoka, kiu, maumivu, mkojo, sehemu ngeni, sio mapepo na sio wazimu. Akatuambia mmoja abaki nae, mleteeni miwani yake, muwasheni taa ndogo, mwambieni yuko wapi na leo siku gani, mpeni maji kidogo kidogo. Nikabaki mimi, namshika mkono namwambia "bibi uko hospitali, umetengenezwa mguu, mimi mjukuu wako," anasema "haya," dakika mbili anaanza upya. Siku ya tatu akaamka akauliza nani kamlishia kuku wake. Nilitoka nje nikalia.

Fiziotherapia ndo waliookoa rivyu hii. Asubuhi baada ya operesheni kaja kijana mmoja, "shikamoo bibi, leo tunakaa kitako." Bibi anasema "mwanangu mguu unauma." "Najua bibi, nimeshaongea na sista umechomwa ya maumivu nusu saa iliyopita, ndo maana nimekuja sasa hivi." Mnaona? Kapanga dawa na mazoezi viende pamoja. Akamkalisha, siku hiyo hiyo akamsimamisha kwenye woka hatua mbili kitandani mpaka kwenye kiti, akatuonyesha kumpumulisha kwa nguvu na kukohoa, kuchezesha nyayo juu chini akiwa kitandani damu isigande. Mpira wa mkojo ukatolewa baada ya yeye kuuliza "huu bado unafanya nini hapa?" Kule Norway, Trondheim, waliwahi kuwagawa wazee 397 wa nyonga, nusu wakahudumiwa kwenye wodi ya wazee tangu wanaingia, nusu wodi ya kawaida ya mifupa, baada ya miezi minne wale wa kwanza wakawa wanatembea vizuri zaidi. Sisi hatuna wodi hiyo, tulikuwa na huyu kijana mmoja anazunguka vitanda vyote, waajiri wenzake watatu.

Chakula cha wodi sikipendi, ugali na mchuzi wa maharage mwepesi kwa mtu anayetakiwa kujenga nyama. Tukawa tunaleta mayai, samaki, mtindi, uji wenye karanga, anakula kidogo mara nyingi. Vidonda vya kulalia hakupata hata kimoja ila ni kwa sababu ya godoro la upepo tulilokodi wenyewe, la kwao ni la foronya ya plastiki limebonyea katikati.

Vifaa kwa kifupi maana mtauliza. Woka tulinunua Kariakoo, kagueni mipira ya miguuni, ya kwanza tuliyopewa mpira mmoja umeisha chuma kinagusa sakafu, hiyo kwenye vigae inamrudisha mzee chini. Mishikio iwe usawa wa kifundo cha mkono akisimama mikono ikining'inia. Na choo, jamani, choo cha kuchuchumaa mtu aliyewekewa nyonga ya chuma hakifai, haruhusiwi kukunja paja sana mpaka dokta aseme. Tulimpa fundi seremala kipimo akatengeneza kiti kizito kilichotobolewa katikati kinakaa juu ya choo, kina mikono pande zote, kimepigwa vanishi kinasafishika. Kizingiti tumekisawazisha na taa ya korido inawaka usiku kucha.

La mwisho ni jambo ambalo hospitali wangeweza kulifanya bure kabisa na hawakulifanya. Tuliruhusiwa na panadol, sindano za kuzuia damu kuganda na tarehe ya kutoa nyuzi, hakuna aliyesema chochote kuhusu mifupa yenyewe ilivyokuwa laini mpaka kimo cha mtu kikaivunja. Tumemtengeneza nyonga moja, nyingine ina umri ule ule. Nikauliza kliniki. Kuna dawa ya dripu ya kuimarisha mifupa, asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka, mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watu 2,127 waliovunjika nyonga, ndani ya siku 90 baada ya operesheni nusu wakapewa hiyo na nusu dripu isiyo na dawa, kwa waliopewa dawa vifo vilipungua kwa asilimia 28 na kuvunjika tena kukapungua. Sio ya kila mtu, lazima wapime figo, kalsiamu na vitamini D iwe imekaa sawa. Dokta wa kliniki akasema mmefanya vizuri kuuliza, akaandika vipimo pale pale, figo za bibi zikakubali, famasi ikaagiza dawa. Dripu yenyewe ni robo saa hivi, jioni alipata homa kidogo na viungo kuuma kama walivyotuambia, panadol ikatuliza. Kama una mzee anatoka wodi ya nyonga yoyote ile, uliza hiyo kabla hamjasaini karatasi za kuondoka, kliniki ya mifupa pale kwao ni Jumanne na Alhamisi, fika mapema maana namba zinaisha.